Zana za Seremala na Majina Yake: Funzo la Historia kwa Karakana Ndogo

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya zana za mkono za useremala katika Afrika ya Mashariki, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kumfaa mwalimu, mwanafunzi au mtu yeyote mwenye nia ya kuweka karakana ndogo ya saa za mapumziko. Mfano wetu ni Giteranyi, kaskazini-mashariki ya Burundi. Sehemu hiyo ilikuwa tarafa ya mkoa wa Muyinga mpaka yalipofanyika marekebisho ya mikoa ya mwaka 2025, ambapo Muyinga, Cankuzo na Ruyigi ziliunganishwa kuwa mkoa mmoja wa Buhumuza.

Maswali mawili huulizwa mara kwa mara na wale wanaotaka kuanza kazi hii. La kwanza ni hili: mtu mwenye fedha za kununua zana chache tu, anunue zipi kwanza? La pili ni hili: akisha kuzinunua, aziite kwa majina gani? Kwa kawaida swali la kwanza hupelekwa kwa fundi, na la pili huachiwa mwalimu wa lugha. Sisi tunaona kwamba maswali haya ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba historia huyajibu yote mawili kwa pamoja.

Giteranyi inapakana na Tanzania, na kituo cha mpakani cha Kobero kiko Butihinda, tarafa iliyokuwa jirani yake. Kwa sababu hiyo lugha tatu hukutana katika mkono wa seremala mmoja. Nyumbani husemwa Kirundi. Katika shule za ufundi somo hutolewa kwa Kifaransa. Sokoni na safarini, hasa kwa wale wavukao mpaka kwenda Ngara na kurudi, Kiswahili ndicho kinachotawala. Mtoto wa huko hapati taabu kwa neno nyundo, maana kwa Kirundi ni inyundo. Lakini mwulize jina la chombo cha kulainishia ubao. Aliyepita shule ya ufundi atakujibu rabot, na aliyekulia Tanzania atakujibu randa. Wapo pia ambao watakionyesha kwa kidole tu. Kwa nini jina moja lijulikane na wote, na jingine ligawanye watu wa kijiji kimoja? Jibu limo katika historia.

ZANA ZA WAHENGA

Ufuaji wa chuma katika nchi za Maziwa Makuu una umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Wahunzi wa Burundi, Rwanda, Buha na Karagwe walifua majembe, visu, mikuki na mashoka muda mrefu kabla ya msafara wowote kutoka pwani kufika huko. Heshima ya mhunzi ilikuwa kubwa hata ikafungamana na ufalme. Wataalamu walipofukua kaburi la Mwami Cyirima Rujugira wa Rwanda mwaka 1969, walikuta vyuma vya uhunzi vimewekwa pamoja na mwili wake.

Basi si ajabu kwamba majina ya zana hizi za kwanza ni ya Kibantu, na kwamba yanafanana katika lugha nyingi. Kiswahili husema nyundo, Kirundi inyundo, na Kiganda ennyondo. Kiswahili husema shoka, na Kirundi ishoka. Hata kazi yenyewe ilikuwa na jina la kale: seremala kwa Kirundi huitwa umubaji, na kwa Kiganda omubazzi, maneno hayo yote mawili yametokana na kitenzi cha asili chenye maana ya kuchonga mti. Sisi wa Kiswahili tumezoea neno seremala, lakini ni vema wanafunzi wetu wa Burundi wajue kwamba lugha yao ya nyumbani imehifadhi neno lenye umri mkubwa sana.

Useremala wa wahenga ulikuwa na tabia moja ya kukumbukwa: fundi aliondoa mti, hakuunganisha mti. Kiti cha kukalia, bakuli, chombo cha maziwa, mwiko na mpini wa jembe vilitolewa katika kipande kimoja kizima. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni ngoma za Burundi, ambazo ngoma yake ya kifalme iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ngoma hizo huchongwa katika gogo la mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, nao ndio mringaringa wa Kiswahili. Gogo hukatwa, hutobolewa tumbo, kisha huwambwa ngozi kwa vigingi. Waswahili husema kuwamba ngoma, na Warundi husema kubamba. Hapa pia tunaona kwamba kazi na neno vimesafiri pamoja tangu zamani. Mtu akifika Gishora, karibu na Gitega, ataona kwamba kazi hiyo ya gogo zima haikuhitaji msumari hata mmoja.

ZANA ZILIZOKUJA NA BAHARI

Huko pwani mambo yalikuwa mengine, kwa kuwa jahazi haliwezi kuchongwa katika gogo moja. Mbao lazima ziunganishwe. Watu wa visiwa vya Lamu waliunda mitepe, ambavyo ni vyombo vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Lakini kushona ubao kunataka matundu, na matundu yanataka keekee. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliorodhesha sehemu za chombo hicho kama zilivyotajwa na mafundi. Chuma chenyewe ni keekee, mti ambamo chuma kimetiwa ni msukano, kishikio cha juu ambamo mti huzunguka ni jivu, na kinachouzungusha ni uta. Hayo ni maneno manne kwa chombo kimoja. Leo wanafunzi wetu wengi hulijua neno uta katika habari za mishale tu, na jivu kwao ni mabaki ya moto na si kitu kingine.

Zana nyingine ziliingia pamoja na wageni waliokuja kwa pepo za musimu. Msumari ni neno la Kiarabu. Randa ni jina litumikalo pia katika Kiajemi na katika lugha za Bara Hindi. Patasi inafanana mno na jina la chombo hicho hicho katika Kimarathi, lugha ya watu wa magharibi ya Bara Hindi. Wareno, waliofika mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593 na kuipoteza mwaka 1698, walituachia parafujo, meza na kalafati, yaani kazi ya kuziba nafasi baina ya mbao za chombo. Kwa kazi hiyo ya mwisho fundi hutumia chembeu, patasi butu isiyokata.

Katika orodha hiyo wenyeji hawakukaa kimya. Ukilitazama neno msumeno utaona meno yamejitokeza humo waziwazi. Na msasa, tunaouita leo karatasi ya kulainishia, ulikuwa kwanza jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kusugulia mbao. Karatasi ilipokuja kutoka viwandani haikupewa jina la kigeni. Ilirithi jina la jani.

Baadhi ya wenzetu huona aibu kwamba zana nyingi za seremala zina majina ya asili ya kigeni. Sisi hatuoni sababu ya aibu hiyo. Jina la kigeni katika karakana ni ushahidi kwamba fundi wa pwani alikiona chombo, akakijaribu, akakikubali, akakitumia mpaka kikawa chake. Kisha yeye naye akakipeleka mbele. Neno umusumari la Kirundi limetoka katika Kiswahili. Lilipanda bara kwa njia ya misafara na ya vituo vya ziwa la Tanganyika, likavaa kiambishi cha Kirundi, na leo Mrundi halioni kuwa geni.

ZANA ZA MISHENI NA ZA VIWANDA

Wakati wa tatu ulianza katika karne ya 19. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakahamia Bagamoyo mwaka 1868, nao waliweka karakana ambamo vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa ufundi. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti, alifika Buganda mwaka 1878 pamoja na zana zake. Mwaka 1882, alipofariki Muganzirwazza, mama yake Kabaka Mutesa, ni Mackay aliyeongoza kazi ya kuunda majeneza makubwa ya mazishi yake. Tukio hilo latuonyesha jinsi ufundi wa kuunganisha mbao ulivyoheshimiwa mara moja katika nchi ambayo ilikuwa na mafundi hodari wa kuchonga.

Kwa upande wa Burundi, Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, lakini wenzao watatu waliuawa huko mwaka 1881 na kituo kikaachwa. Walirudi baadaye, wakafungua Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Wajerumani, ambao walitumia sana Kiswahili katika utawala wao wa Afrika ya Mashariki, waliweka makao yao Gitega mwaka 1912. Kama utawala huo ungaliendelea, huenda seremala wa Giteranyi angalijifunza kazi yake yote kwa Kiswahili. Lakini Wabelgiji waliingia mwaka 1916 na kukaa mpaka uhuru wa mwaka 1962, na katika shule zao za ufundi lugha ilikuwa Kifaransa. Hapo ndipo rabot ilipoingia.

Sasa tunaweza kulijibu swali tuliloliuliza mwanzoni. Nyundo inajulikana na wote kwa kuwa ni mali ya wahenga wa pwani na wa bara sawasawa. Msumari umejulikana kwa kuwa ulipanda na misafara. Randa ilikutana njiani na rabot, na kila moja ikabaki na watu wake.

Wakati huo huo zana zenyewe zilikuwa zikibadilika. Randa ya kale ilikuwa kipande cha mti kilichotiwa wembe na kukazwa kwa kabari. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya Marekani ilinunua haki za Leonard Bailey, aliyebuni randa ya chuma ambayo wembe wake hupandishwa na kushushwa kwa kuzungusha gurudumu dogo. Randa nyingi za chuma zinazouzwa leo, hata zile zisizo na jina la kampuni hiyo, zimefuata mfano wa Bailey.

KUCHAGUA ZANA ZA KARAKANA NDOGO

Tumeona, basi, mafundi wa namna mbili: wa kuchonga na wa kuunganisha. Anayeanza hana budi kuamua kwanza anataka kazi ya namna gani. Akitaka kuchonga miko, mabakuli na vigoda, shoka dogo, tezo, kisu kizuri na kinoo vyatosha. Walimu wa Ulaya ya kaskazini waliligundua jambo hili zamani. Finland iliingiza kazi za mikono katika shule za msingi mwaka 1866, na Otto Salomon, aliyekuwa na chuo huko Nääs katika Sweden, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa kisu kabla ya kuwapa zana nyingine.

Akitaka kuunganisha, yaani kufanya sanduku, rafu, stuli au meza, ahitaji zaidi. Sisi tungependekeza zana hizi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, vipimo: futi, penseli na skwea. Skwea ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Iwekwe ukingoni mwa ubao ulionyooka, upigwe mstari. Kisha igeuzwe upande wa pili, upigwe mstari mwingine mahali pale pale. Mistari ikilala pamoja, skwea ni ya kweli. Ikiachana, muuzaji arudishiwe.

Pili, msumeno mmoja wa kukatia wenye urefu wa sentimita 55 hadi 65. Ieleweke kwamba meno ya kukata ubao kwa upana hunolewa kama ncha za visu, na meno ya kupasua kwa urefu hunolewa kama patasi ndogo ndogo. Mnunuzi aupinde msumeno taratibu na kuuachia. Bati lake likirudi kunyooka, chuma ni kizuri.

Tatu, randa ya wastani ya sentimita 35 hivi. Tumbo lake liwe limenyooka. Liangaliwe kwa kuliwekea ukingo wa rula na kutazama kama mwanga unapita. Randa ya mti iliyotengenezwa na fundi wa kijijini isidharauliwe, maana ilijenga milango na majahazi kabla ya chuma cha Marekani kufika.

Nne, patasi tatu: ya milimita 6, ya 12 na ya 25. Tano, nyundo ya chuma kwa misumari na nyundo ya mti kwa kupigia patasi. Sita, keekee ya kuzungushwa kwa mkono pamoja na vyuma vyake. Saba, jiliwa la kubania ubao, lifungwe juu ya benchi imara ambayo mtu anaweza kujiundia mwenyewe.

Nane, na hapa tunasisitiza, kinoo na tupa ya pembe tatu. Tumevitaja mwisho, lakini vinunuliwe siku moja na patasi. Wembe wa patasi au wa randa ukinolewa kwa pembe baina ya nyuzi 25 na 30 utakata bila kutumia nguvu. Ukiwa butu utateleza, na mara nyingi mkono ndio utakaokatika. Wazee wamesema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Kuna jambo la kuonya. Sokoni huuzwa makasha yenye zana nyingi kwa bei ya chini, nayo humvutia mgeni wa kazi. Mara nyingi chuma chake ni laini, hakikai makali. Ni afadhali kununua patasi moja njema kila baada ya miezi michache. Tena wahunzi wa kwetu hufua patasi na tezo kutokana na springi za magari mabovu, na chuma cha springi ni chuma kigumu hasa. Kununua kwao ni kuendeleza ufundi ule ule wa miaka elfu mbili.

Na mbao? Katika milima ya Muyinga, kama katika sehemu nyingi za Burundi, mikaratusi na migrevilea imepandwa kwa wingi. Anayeanza achague mgrevilea, kwa kuwa ni laini na huitikia randa. Mkaratusi una nguvu, lakini hupasuka na kujipinda ukikaushwa kwa haraka. Vijiji vingi bado havina umeme. Kwa hiyo zana ya mkono huko ndiyo inayofanya kazi kila siku.

KAZI YA MWALIMU

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya fundi, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana kazi ya kutosha ya ngeli na fasihi. Tunawajibu kwa heshima kwamba ngeli bila vitu vya kuvitaja ni mifupa mitupu. Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Burundi ilipoanza mwaka 1973 marekebisho ya elimu ya msingi yaliyoelekea Kirundi na maisha ya vijijini, nia moja ilikuwa kuondoa ukuta baina ya kitabu na mkono. Ukuta huo haujaanguka wote.

Kwa Giteranyi na jirani zake suala hili lina uzito wa pekee. Warundi wengi walikimbilia Tanzania mwaka 1972, na wengine baada ya 1993. Waliishi Ulyankulu, Katumba, Mishamo na katika kambi za mpakani. Mamia ya maelfu wamerudi, na wengi wao walirudi na Kiswahili pamoja na kazi za mikono walizojifunza huko. Watoto wao waliingia shule ambazo Kifaransa ndicho kilichopewa nafasi, na wakaonekana kana kwamba hawajui kitu. Lakini mtoto huyo huenda akajua randa, patasi, msasa na jiliwa kuliko mwalimu wake. Tukimwita mbele ya darasa ataje na aonyeshe, yeye atakuwa mwalimu kwa saa moja, na wenziwe watajifunza kutoka kwake jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu. Kiswahili sasa kimo katika mtaala wa shule za msingi za Burundi. Nafasi hiyo ipo, yatubidi tuitumie.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu mambo matatu. La kwanza, kila chama cha Kiswahili cha shule kijitahidi kupata kasha la zana hizi nane, hata kama zitakusanywa kwa muda wa miaka miwili. La pili, wanafunzi waende kwa maseremala wazee, wahunzi na wachonga ngoma, waandike jina la kila chombo na la kila sehemu yake katika Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, bila kulikejeli jina lolote. Rabot nayo ni sehemu ya historia ya Burundi. Haifutwi kwa kukaripiwa. La tatu, orodha hizo ziletwe katika jarida letu, ili zilinganishwe na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981 ilikusanya mengi, lakini hakuna kamusi inayoweza kukusanya neno ambalo mwenye kulijua amekwisha zikwa nalo.

Msukano na jivu ni maneno ambayo tunaweza kuyakosa katika kizazi hiki hiki. Si kwamba Kiswahili kimeyakataa, bali chombo kimewekwa kando na hakuna aliyeuliza kiliitwaje. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Giteranyi ina miti, ina mafundi, na ina lugha tatu za kuwatajia kazi yao. Kinachongojewa ni daftari na kalamu ya mwalimu.